Safu ya Maoni

Bi. Halvorsen wa benki ya ushirika
alinisukumia karatasi tupu juu ya meza.
"Niandikie mpango wa biashara. Kurasa kumi zatosha."
Nikaitikia kwa adabu, moyoni nikacheka:
mimi Skolastika, miaka kumi na minne nikiandika
maandalio ya somo Kilosa, kwa rula ya mbao,
leo nifundishwe mpango?

Usiku huu Winnipeg imeganda
hadi misumari ya mlango imeota manyoya meupe upande wa ndani.
Nimeketi jikoni, na mkono,
kama punda ajuaye njia ya kwao,
umekwisha kuchora safu bila kuniuliza:
Hatua. Muda. Matendo ya mwalimu. Matendo ya mwanafunzi. Tathmini.
Na pembeni kabisa, nyembamba kama mlango wa choo:
Maoni.

Basi, utangulizi, dakika tano.
Mtaani Ellice wapo akina mama wanaoingia zamu saa kumi na moja alfajiri
na malezi hufunguliwa saa moja na nusu.
Bi. Halvorsen anataka hapo pasomeke "soko".
Nimeandika: mtoto, zipu imefungwa hadi puani,
amesimama kwenye ngazi, hana wa kumshika.

Zana. Magodoro manne, maana leseni inaanza na wanne.
Kizima moto. Ving'ora vya moshi viwili.
Kigoda cha kufikia bomba.
Udongo wa kuchezea sinunui: unga, chumvi, mafuta, maji ya moto,
nitaukanda mwenyewe.
Bima (nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena;
bei yake yanitoa jasho katika baridi hii).

Kwenye mapato kalamu iligoma.
Wanne mara siku ishirini,
toa kodi, toa maziwa, toa umeme wa kupasha vyumba,
toa mwezi ule mama atakaosema "nitalipa wiki ijayo"
nami nitamwamini, maana nimewahi kuwa yeye.
Haba na haba, najiambia.
Lakini kibaba nacho kina tundu.
Feza wa ghorofa ya juu ananishauri kwa simu:
"Dada, ongeza faida. Karatasi haina macho."

Haina. Najua sana.
Niseme sasa, kwa kuwa Kilosa ni mbali:
pikipiki ya mkaguzi ikisikika darajani
tulijaza Maoni kabla ya kipindi kuanza.
"Somo limeeleweka kwa asilimia themanini."
Daima themanini. Tisini ingeleta maswali.
Na dawati la nyuma, mtoto aitwaye Sikujua,
ndilo jina lake, si mzaha,
amelalia daftari, mate yakiloweka jedwali la saba.
Naye nilimhesabu kwenye themanini.

Jumanne nilijaribu mpango kwa mtoto mmoja tu,
Jomari wa Marisel, miaka mitatu.
Saa tatu hadithi, saa tatu na nusu rangi, saa nne uji.
Saa tatu na dakika saba alikuwa chini ya meza,
sufuria yangu ya ugali kichwani,
anagonga skrubu kwa mwiko, moja moja:
isa, dalawa, tatlo.
Nikapiga magoti. Nikagonga nami:
moja, mbili, tatu.
Akanitazama chini ya ukingo wa sufuria. *Tatlo?*
Tatu.
Tukagonga hiyo moja mpaka uji ukaungua.
Hesabu, kwenye andalio langu, ilikuwa ya Alhamisi.

Sasa ni saa nane usiku. Kurasa kumi na moja.
Faida nimeiacha ndogo vilevile ilivyo,
Feza atanisema.
Ile safu ya pembeni nimeifuta, nikaichora upya,
pana kuliko zote, sijaandika kitu.
Kesho Bi. Halvorsen atauliza mbona iko tupu.
Nitamwambia watoto bado hawajafika.